Usiachie Mkono

Mara mbili kwa wiki, kwa miaka 16 sasa, nimekuwa nikisimama mbele ya mtu, namwachia ukosi wa koti langu aukamate, namwachia na mkono wa koti, nami namkamata vilevile, kisha kila mmoja anatafuta namna ya kumbwaga mwenzake. Tulio wengi pale dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, ni watu wazima. Tuna kazi za kuamkia alfajiri, tuna watoto, wengine wana wajukuu. Nilianza judo nikiwa na miaka 34, na leo nina 50. Nikiulizwa nimepata nini humo, kinachonijia kwanza si kubwaga. Ni mkono wa kushoto, ule unaobaki umeng'ang'ania koti la mwenzako wakati miguu yake imeshatoka chini.

Nitaufikia mkono huo. Kwanza kuanguka.

Jioni ya kwanza tulikuwa wageni wanne. Mwalimu wetu, mama wa miaka zaidi ya 50 mwenye sauti ya chini, alituketisha kwenye mkeka akauliza: mara ya mwisho umeanguka lini? Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Mtoto anaanguka, anainuka, anasahau, na kesho anaanguka tena. Mtu mzima anaweza kupitisha miaka bila kufika chini hata mara moja isipokuwa kwa ajali, na mwili unaisahau njia ya kwenda huko. Nilipoambiwa nichuchumae halafu nijiachie kinyumenyume, sikuweza. Kimo chenyewe hakifiki hata nusu mita, na mkeka ulikuwa mnene, lakini shingo ilikakamaa na mkono wa kulia ukakimbilia nyuma kujishikiza. Mwalimu akaudaka kwenye kiwiko.

"Huu," akasema, "ndio utakaovunjika."

Alisema kweli. Anayeanguka akanyoosha mkono hupeleka uzito wa mwili mzima kwenye kifundo cha mkono, au kiwiko, au mtulinga. Katika judo mkono hauendi kujishikiza. Unapiga mkeka, kiganja na kigasha kwa pamoja, ukiwa umetengana na mwili kwa nyuzi kama 45, ili kishindo kisambae mahali papana badala ya kuingia kwenye kiungo kimoja. Kidevu kinabanwa kifuani na macho yanatazama fundo la mkanda, kwa hiyo kisogo hakifiki chini. Pumzi inaachiwa itoke. Wajapani huita ukemi, yaani kupokea kwa mwili. Kwa wiki sita hatukufanya kingine: tulianguka kutoka kulala chali, kutoka kuchuchumaa, kutoka kusimama, mwisho tukapinduka juu ya mgongo wa mwenzetu aliyeinama kwa mikono na magoti.

Wakati ule niliona tunapotezewa muda. Nilikuja kujifunza kubwaga, nami nilikuwa na haraka ya mtu aliyeanza amechelewa. Miaka mingi baadaye nilikutana na hesabu ya Shirika la Afya Duniani kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kwamba walioathirika zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Niliwaza wiki zile sita. Kama ningelazimika kuacha kila kitu nilichofundishwa pale nibaki na kimoja, ningebaki na hicho.

Tulipoanza kubwaga, nilitegemea kusahihishwa kiuno, au miguu, au namna ya kugeuka. Alichokemea Mwalimu kwanza kilikuwa mkono. "Mkono! Usiachie mkono!" Nilikuwa nikimtoa mtu chini, na mara akishapaa, mimi ninafungua vidole kama niliyemaliza kazi. Kumbe ndipo kazi inapoanza. Mtu anapobwagwa upande wake wa kulia, mkono wake wa kulia uko mikononi mwako. Umemshika kwa koti. Ukiendelea kuushika, na mwishoni ukauvuta juu kidogo tu, bega lake halitangulii chini, kichwa kinabaki juu, mwili unatua bapa, na mkono wake wa kushoto uko huru kupiga mkeka. Ukiachia, anazunguka hewani atakavyozunguka na kutua atakapotua. Wakati ule wa chini ya sekunde moja hana uwezo wa kujisaidia zaidi ya kidevu na pumzi. Mengine yote ni wewe.

Nilihangaika kulitafutia jambo hili jina, na mwishowe nilitosheka na amana. Aliyekuwekea amana hajakupa. Utaitunza, na itarudi kwa mwenyewe ikiwa kama ulivyoipokea. Kila jioni mwenzangu ananiwekea mgongo wake, magoti yake, shingo yake, na kazi yake ya kesho asubuhi ambayo hawezi kuifanya akiwa amefungwa bandeji. Mimi namwekea vyangu. Kisha tunapambana kwelikweli. Watu wa nje hudhani kwamba tunapambana kwelikweli licha ya hiyo amana. Mimi naamini tunaweza kupambana hivyo kwa sababu ipo.

Ukimsoma Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, unaona kwamba hilo ndilo lililomsumbua tangu mwanzo. (Ndiyo, kano, neno lilelile tunalotumia kwa ule uzi mgumu unaofunga msuli kwenye mfupa, au mfupa kwa mfupa, mpaka leo jina lake linanigusa kwa sababu hiyo.) Mwaka 1882, akiwa na miaka 21, alikodi nafasi katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, mikeka 12 na wanafunzi tisa. Alikuwa mtu wa umbo dogo aliyeonewa shuleni, akajifunza jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kupambana, ili asionewe. Shule za jujutsu zilikuwa na mbinu nyingi kali za kuvunja na kuua, lakini mbinu ya kuua huwezi kuifanya kwa nguvu zako zote juu ya rafiki yako, kwa hiyo unaifanya kwa mwendo uliopangwa, na hujui kama itafanya kazi juu ya mtu anayekataa. Kano alichambua. Zile za hatari alizihifadhi kwenye kata, mazoezi ya mpangilio. Zile ambazo mtu anaweza kuzitumia kwa nguvu zote juu ya mtu anayekataa, na kesho yule mtu akarudi mazoezini, alizipeleka kwenye randori, mazoezi huru. Kigezo kilikuwa hicho: kesho arudi. Baadaye alikipa msemo, jita kyoei, ustawi wa pamoja wangu na wa mwenzangu. Alikuwa mwalimu kwa taaluma, aliongoza chuo cha walimu kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 1938 akiwa melini akirudi Japani kutoka mkutano wa Kamati ya Olimpiki uliofanyika Cairo.

Kwenye mapambano ya chini amana inaonekana wazi zaidi. Kuna kabari. Ukosi wa koti ukikaza pande zote mbili za shingo, mishipa ya damu inabanwa, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde zisizozidi 10 au hivi. Kinachomlinda ni makofi mawili. Unampiga mwenzako makofi mawili mepesi, popote mkono wako unapofika, naye anaachia papo hapo, bila kujadili, bila kusubiri aone kama umemaanisha. Mgeni huchelewa kupiga kwa aibu. Nami nilichelewa, mwaka wa kwanza, nikaamka nikitazama dari nisijue ni jioni gani. Tangu siku ile napiga mapema, na ninapokuwa mimi mwenye kushika, nafungua mikono kwa kofi la kwanza.

Kati ya mbinu zote ninayoipenda ni mtama. Kodokan, shule ya Kano, ina orodha ya mibwago 40 iitwayo Gokyo, iliyopangwa upya mwaka 1920, na ya kwanza kabisa ni de ashi harai: kufagia mguu unaokuja mbele. Ni mtama uleule tuliopigana utotoni. Imewekwa ya kwanza, nami ilinichukua miaka mitano kuipata.

Shida yake ni wakati. Mwenzako anapiga hatua. Kuna kitambo kidogo sana ambapo unyayo wake umeshagusa mkeka lakini uzito haujaukalia. Ukifagia kabla, mguu bado ni wake, atautua kwingine. Ukifagia baada, umepiga nguzo, na kidole chako cha mguu kitakukumbusha kwa wiki mbili. Huwezi kukiona kitambo hicho kwa macho, ukishakiona kimepita. Unakisikia kwenye mkono wa kushoto, uleule, kwa sababu koti la mtu hubadilika uzito anapohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mkono ukilegea husikii kitu. Ukikaza sana unasikia nguvu zako mwenyewe. Tulikuwa tukiingia mara 30 kwa jioni bila kumwangusha mtu, kuzoeza mwili tu. Nilipiga hesabu: jioni mbili kwa wiki, wiki 45 kwa mwaka, ni mara 2,700 kwa mwaka. Kama nisingekosa hata jioni moja, kufikia leo zingepita 43,000.

Ule wa kwanza uliofaulu, katika randori na mtu asiyenionea huruma, nakumbuka kwamba sikuhisi uzito wowote. Alikuwepo, kisha hakuwepo, kisha kukatoka kishindo chini yangu. Nilikuwa nimeshika mkono wa koti lake na nikashangaa kuukuta bado mkononi mwangu.

Nisidanganye kwamba miaka yote ilikuwa hivyo. Kuna miaka miwili mitatu mizima ambayo sioni nilichokiongeza. Mtu mzima hupona polepole. Misuli inarudi baada ya siku chache, lakini kano hazina damu nyingi kama misuli, zikilalamika zinalalamika miezi. Vijana wa miaka 20 waliingia nyuma yangu wakanipita ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mara tatu niliacha kwa miezi kadhaa, kwa kazi, kwa msiba, kwa mgongo. Kilichonirudisha kila mara hakikuwa mkanda. Mikanda ya rangi ilienea Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Pili ili kuwapa watu moyo, na inafanya kazi hiyo vizuri, lakini mtu wa miaka 40 mwenye mkanda wa bluu anajua hautamfikisha popote. Nilirudi kwa sababu hakuna mahali pengine katika maisha yangu ya utu uzima ambapo mtu ananishika kwa nguvu zake zote na ninajua hakika kwamba hanitakii mabaya.

Ndiyo maana siku ile ya mwaka wa tisa inanikaa.

Nilikuwa nimetoka kubwagwa mara nne mfululizo na kijana mmoja mwenye nguvu, na nilikuwa nimekasirika. Nilijua nimekasirika. Ilikuwa haki yangu kwenda kukaa pembeni ninywe maji, na hakuna ambaye angeuliza. Badala yake niliinama mbele ya mwenzangu wa siku zote, mtu wa rika langu tuliyeanza naye pamoja ile jioni ya wageni wanne, ninayemwita kaka. Hakuwa na habari ya hasira yangu. Akanipa ukosi na mkono kama kawaida.

Nikaenda kwa tani otoshi, maana yake kuangusha bondeni. Ikifanywa sawasawa, unaingia nyuma ya mtu na yeye anakwenda chali juu ya mguu wako. Ikifanywa kwa pupa, hufiki nyuma. Unakaa ubavuni, uzito wako unaangukia upande wa goti lake wakati unyayo wake umegandamana na mkeka, na goti halina njia ya kukunja isipokuwa kwenda ndani. Nilikaa ubavuni. Nilikuwa nimeachia mkono wa koti ili nimkumbatie kiuno kwa mikono yote miwili, nimlazimishe. Nikasikia mlio kama kitambaa kizito kinachopasuliwa.

Hakupiga kelele. Alipiga mkeka makofi mawili.

Sikuwa nimemshika popote. Hakukuwa na kitu cha kuachia. Mkono wake ulifanya tu kile ambacho miaka tisa iliufundisha kufanya mtu anapotaka mwenzake aache, na mimi nimekaa pale, mikono mitupu, nisiweze kuacha jambo lililokwisha kutendeka.

Kano ya upande wa ndani wa goti ilikuwa imechanika. Alikaa miezi saba nje. Zipo mbinu zilizoondolewa kabisa mashindanoni kwa madhara ya namna hii. Kani basami, mkasi wa miguu, ilimvunja mguu bingwa Yamashita Yasuhiro mwaka 1980, na sasa ni marufuku. Tani otoshi inaruhusiwa. Sikuweza kuilaumu mbinu.

Wiki iliyofuata Mwalimu hakunigombeza. Wengine walipoondoka aliniita katikati ya mkeka, akasimama mbele yangu, akanipa ukosi na mkono wa koti lake. Wakati ule alikuwa ameshavuka 60.

"Nionyeshe ulivyofanya."

Nikamwambia siwezi, Mwalimu.

"Polepole. Nionyeshe."

Nikaingia taratibu, mguu wangu ukapita nyuma ya goti lake, mikono ikitetemeka. Nilipofika pale nilipombadilishia kaka mshiko, akaniweka kiganja kifuani. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo ulipoachia mkono. Goti lilifuata baadaye." Halafu akavua mkanda wake, akaukunja, akaenda kuzima taa.

Nilikwenda kumtembelea kaka mara nyingi katika miezi ile. Nilimwambia kuhusu ile hasira, kwa sababu niliona ana haki ya kujua kwamba haikuwa ajali tupu. Alinyamaza muda mrefu akilikanda goti lake, kisha akaniuliza kama kijana yule bado ananibwaga. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nisiache kwenda. Mtihani wa mkanda mweusi niliokuwa nikijiandalia niliuahirisha kwa miaka miwili. Hakuna aliyenitaka niahirishe. Shodan, dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, tafsiri yake ni hatua ya mwanzo, na sikuona kama nimeifikia.

Jioni aliyorudi alikuwa amefunga goti kwa kitambaa cha mpira, na alinijia mimi wa kwanza. Alitaka nimpige mtama, taratibu, mguu ule mzima. Nilifanya mara 10. Kila mara alipotua nilibaki nimeshika koti lake kwa muda mrefu kuliko lazima, hadi akacheka akaniambia, "Kaka, niachie sasa niinuke."

Mwalimu sasa habwagi tena, lakini bado anaanguka, kila jioni, mara tano kila upande, kabla ya mtu yeyote kuingia. Huwa anatutajia Fukuda Keiko, aliyeingia sehemu ya wanawake ya Kodokan mwaka 1935 Kano akiwa hai, akazuiwa kuvuka dan ya 5 kwa sababu ni mwanamke, akapewa ya 6 mwaka 1972 tu, na mwaka 2011 chama cha judo cha Marekani kikamtunuku dan ya 10, mwaka mmoja na nusu hivi kabla hajafariki akiwa na 99. Alifundisha akiwa ameshapita 90. Mwalimu hasemi kwamba anataka kufika huko. Anasema tu kwamba mwanamke yule alikuja jioni nyingi.

Mwezi uliopita nilipewa mgeni wa kumsaidia, dada wa miaka 41, mwezi wake wa tatu. Ni mwoga wa kuanguka kama nilivyokuwa, na mwoga zaidi wa kumwangusha mtu. Akiingia kwa mbinu anaomba radhi kabla. Nilimwambia tufanye randori nyepesi, asihangaike na matokeo. Tukawa tunatembea tu, nyuma na mbele, nikimsubiri. Nikapiga hatua na mguu wa kulia nikiwaza kitu kingine.

Sikujiachia. Naandika hili kwa sababu aliniuliza mara tatu na hakuniamini. Mguu wangu uliondoka kabla haujawa wangu, dari ikazunguka, kidevu kikaenda kifuani chenyewe, mkono wa kushoto ukapiga mkeka. Nilipofungua macho alikuwa ameniinamia, magoti yamekunjwa, uso umejaa hofu. "Samahani, kaka. Umeumia? Samahani sana." Na wakati wote akisema hivyo, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekaza mkono wa koti langu, ameuvuta juu, bega langu la kulia halijagusa chini.

Ng'ambo ya mkeka Mwalimu alikuwa ameona. Hakusema kitu. Nilikaa pale chini kidogo zaidi ya ilivyohitajika, mkono wangu ukiwa juu, mkononi mwake.